Somo la Lamadi kwa vijana wanaotaka kwenda kujitolea ng'ambo



Mjukuu wangu mmoja yuko mwaka wa pili katika chuo kikuu kimoja hapa Dar es Salaam. Anasomea ualimu, na somo lake ni hisabati. Mwezi uliopita alinijia nyumbani baada ya swala ya Alasiri, akanipa shikamoo ya adabu kuliko siku zote, akakaa kimya kidogo. Nikajua kuna jambo.

Jambo lenyewe lilikuwa hili. Yeye na wenzake tisa wameunda kikundi. Wanataka kuahirisha masomo kwa semesta moja, watoke nje ya nchi kwa miezi minne, watembee waone dunia, na humo humo wajitolee katika shule na vituo vya kulelea watoto. Kuna watu wanaopanga safari za namna hiyo, na kila kijana anatakiwa kulipa shilingi milioni sita na nusu, mbali na tiketi ya ndege. Alikuja kuniomba mchango.

Nikamwuliza, "Utakwenda kufanya nini hasa?"

"Kusaidia jamii, babu."

"Jamii ipi, na imekuombeni nini?"

Akafikiri kidogo. "Hayo tutapangiwa tukishafika."

Sikumkatalia wala sikumkubalia. Nilimwambia anipe siku chache. Ukweli ni kwamba jibu la swali lake nilikuwa nalo tangu mwaka jana, nililipewa katika stendi ya mabasi ya Lamadi, na sikuwa nimelitamka mbele ya mtu yeyote kwa sababu sehemu yake ni aibu yangu mwenyewe. Nimeona niliandike hapa, kwani najua wako wazazi wengine wenye vijana wanaoomba kama huyu wangu.

Kusafiri si kosa

Nianze kwa kuondoa shaka. Sitaki msomaji adhani nawapinga vijana wanaotaka kutoka. Sisi ni umma wa watu waliosafiri. Sahaba Jabir bin Abdillahi (r.a.) alinunua ngamia akasafiri mwezi mzima kwenda Sham kwa ajili ya kuisikia hadithi moja tu kutoka kwa aliyeipokea kwa Mtume (s.a.w.). Ibn Battuta alitoka Tangier mwaka 1325 akiwa kijana wa miaka 21 kwa nia ya kwenda kuhiji, na safari ikamfikisha hadi Mombasa na Kilwa mwaka 1331. Kama vijana hawa wangekaa kwao wakiogopa vumbi la njia, tungekosa mengi.

Lakini tuisome vizuri Suratut-Tawba aya ya 122. Mafundisho yake ni kwamba kundi miongoni mwa waumini litoke likajifunze dini kwa undani, kisha likirudi liwafundishe na kuwaonya watu wao. Kuna kutoka na kuna kurudi. Anayetoka anatoka akiwa na lengo linalojulikana, na wako watu maalum wanaomsubiri wafaidike naye. Hicho ndicho kipimo. Je, safari za semesta za siku hizi zinapimwa kwa kipimo hicho?

Nchi hii iliwahi kuwatoa vijana wake

Vijana wa leo hudhani kukatiza masomo ili kwenda kutumikia watu ni jambo jipya lililotoka Ulaya na Marekani. Ni kweli huko limestawi sana. Uingereza kijana anayemaliza sekondari kutumia mwaka mmoja kabla ya chuo akisafiri na kujitolea ni jambo la kawaida kabisa. Hata Prince William alifanya hivyo Chile mwaka 2000. Lakini sisi tulikuwa na letu.

Mwaka 1966 Serikali ilipotaka wahitimu wa kidato cha sita na vyuo waingie Jeshi la Kujenga Taifa kwa miaka miwili, na sehemu kubwa ya muda huo walipwe asilimia 40 tu ya mshahara, wanafunzi wa Chuo Kikuu waliandamana. Ilikuwa Oktoba 22. Mwalimu Nyerere akawatimua karibu wanafunzi 400, na akatangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Wengi wao walirejeshwa baadaye, lakini ujumbe ulikuwa umefika: msomi anadaiwa na waliomsomesha.

Kisha likaja Azimio la Musoma, Novemba 1974. Kwa azimio lile, mtu hakutoka kidato cha sita moja kwa moja kuingia Chuo Kikuu. Alipita JKT mwaka mmoja, akafanya kazi kwa muda usiopungua miaka miwili, na alipotaka kusoma alihitaji mapendekezo ya mwajiri wake na ya chama. Azimio hilo hilo ndilo lililosukuma Elimu ya Msingi kwa Wote, kwamba ifikapo Novemba 1977 kila mtoto wa umri wa shule awe darasani. Watoto wakajaa, walimu hawakutosha.

Mimi ni mmoja wa waliopitia mlango huo. Nilimaliza kidato cha sita mwaka 1976, mwaka 1977 nikawa JKT, na mwanzoni mwa 1978 nikapangiwa kufundisha shule moja ya msingi jirani na Lamadi.

Nilichokiacha

Wasioijua Lamadi niwaeleze. Ni mji wa njia panda, kando ya barabara kuu itokayo Mwanza kwenda Musoma hadi Sirari. Hapo ndipo inapochepuka barabara ya kwenda Bariadi. Upande mmoja ni Ziwa Victoria, sehemu inayoitwa Ghuba ya Speke, na upande wa pili ni Serengeti. Lango la Ndabaka liko kilometa chache tu kutoka hapo. Enzi zetu ilikuwa Wilaya ya Magu, Mkoa wa Mwanza. Tangu mwaka 2012 ni Wilaya ya Busega, Mkoa wa Simiyu. Siku zile ilikuwa na nyumba za kuhesabika, vumbi, pamba na dagaa. Leo ni mji hasa, una benki, nyumba za wageni na bodaboda wasiohesabika.

Nilifika nikiwa na miaka 21, mtoto wa Kariakoo asiyejua kusema hata mwangaluka. Sikuwa nimesomea ualimu. Nilifundisha kwa jinsi nilivyokumbuka kufundishwa mimi. Watoto walinipenda, nami niliwapenda. Wazee walinipa chumba, wakanipa michembe na maziwa, wakanifundisha lugha. Nilipoanza kuwa mwalimu kweli kweli, yaani nilipoanza kujua mtoto gani haelewi na kwa nini, miaka yangu miwili ilikuwa imekwisha.

Barua ya Chuo Kikuu ilinikuta katikati ya mwaka 1980. Nilikuwa na darasa la tano, tuko katika hesabu za sehemu. Basi la kwenda Mwanza lilipita alfajiri. Nilimuaga mwalimu mkuu, nikawaaga wazee, nikafunga sanduku. Darasa sikuliaga. Nilisema moyoni kwamba nitawaandikia. Sikuandika.

Miaka arobaini na zaidi ikapita. Mwaka jana nilikuwa nakwenda Musoma kwenye msiba, basi likasimama Lamadi abiria wapate chakula. Nilitawadha, nikaswali Adhuhuri na Alasiri kwa kufupisha na kukusanya, nikarudi stendi kununua dagaa wa kuwapelekea wafiwa. Muuza dagaa, mtu mzima mwenye mvi, alinitazama mara mbili, mara tatu. Akanitaja kwa jina langu la ualimu.

Nikashtuka. Tulisalimiana kwa furaha kubwa. Akanipa kigoda nikae, akamtuma kijana alete chai. Akataja majina ya wenzake niliowafundisha, nani amekufa, nani yuko Bariadi, nani anavua. Kisha akasema huku akicheka, bila ubaya wowote:

"Mwalimu, ulituachia sehemu."

"Sehemu gani?"

"Hesabu za sehemu. Siku ile ulisema kesho tutajifunza kugawanya sehemu kwa sehemu. Kesho yake hukuja. Mpaka leo kujumlisha najua, kuzidisha najua, kugawanya sijui."

Ndugu msomaji, nimewahi kupewa vyeti vya utumishi mrefu na nikaagwa kwa hotuba wakati wa kustaafu. Hakuna hata kimoja katika hivyo kilichonikaa moyoni kama maneno ya yule muuza dagaa. Nilimwuliza darasa lile lilipata mwalimu lini. Akasema waliunganishwa na wenzao, wakawa wengi mno, wakaendelea hivyo hivyo hadi darasa la saba. Hakuna hata mmoja wao aliyechaguliwa kwenda sekondari. Naijua nchi yetu ya wakati ule, waliochaguliwa walikuwa wachache mno kila mahali, kwa hiyo siwezi kusema ni kwa sababu yangu. Lakini pia siwezi kuapa kwamba si kwa sababu yangu.

Wageni wa Lamadi

Tukiwa tunakunywa chai, akapita kijana wa Kizungu na begi mgongoni. Nikauliza kama ni mtalii wa Serengeti. Yule mzee, ambaye kumbe amewahi kuwa mjumbe wa kamati ya shule, akaniambia kwamba hapo hupita na wanafunzi wa vyuo vya nje wanaokuja kujitolea kwa mwezi, miezi miwili, mitatu. Akanisimulia kikundi kimoja.

Walikuja vijana kumi na wawili. "Watoto wazuri, mwalimu, wana heshima." Walipaka rangi ukuta wa shule, wakachapa viganja vyao kwa rangi nyekundu na buluu. Walileta maboksi ya vitabu, vingi vya hadithi za kitoto za huko kwao, kwa lugha na mambo ambayo mtoto wa darasa la tatu wa Lamadi hayaelewi. Vitabu viko kabatini, na kabati limefungwa. Walipoondoka watoto walilia siku mbili. Mvua za mwaka uliofuata ziliivua ile rangi.

Nikadhani ndiyo mwisho wa hadithi. Akaendelea. Katika kikundi kile walikuwamo wawili, binti na kijana, wanaosomea uhandisi. Hao hawakushika brashi. Wiki ya kwanza walishinda wakiuliza: maji mnachota wapi, nani anachota, saa ngapi. Wakaambiwa wasichana ndio wanaotumwa ziwani na ndio wanaokosa vipindi. Isitoshe, maji ya ziwa huku kwetu yana kichocho. Wale wawili wakakaa na fundi mwashi wa hapo hapo, wakampigia hesabu za tangi la kuvuna maji ya mvua kutoka kwenye bati la shule. Fundi alilipwa, kijiji kikatoa mawe na mchanga. Bomba la kutolea maji lilinunuliwa duka la Lamadi, si la kuagiza kutoka ng'ambo.

"Lile tangi lilipata ufa," mzee akaniambia. "Fundi akaliziba. Analijua, alilijenga mwenyewe."

Basi angalieni. Kikundi kimoja, safari moja, nia njema ile ile. Kimoja kimebaki na kingine kimeoshwa na mvua. Tofauti iko wapi? Wale wawili walikuwa na ujuzi, waliuliza kabla ya kutenda, na walimwacha mtu anayejua.

Ukuta wa mayatima wawili

Habari hii ilinikumbusha kisa tunachokisoma kila Ijumaa katika Suratul Kahf, kuanzia aya ya 60 hadi ya 82. Nabii Musa (a.s.) alifunga safari ndefu kumtafuta mja mwema ambaye wanazuoni wanamtaja kwa jina la Khidhr. Walifika katika mji mmoja, wakaomba chakula, wenyeji wakakataa kuwakaribisha. Wakaukuta ukuta unataka kuanguka, Khidhr akausimamisha bila kudai ujira. Nabii Musa akashangaa, mbona hakuomba hata malipo.

Tukiishia hapo tutasema hicho ni kisa cha kujitolea tu. Lakini maelezo yanakuja baadaye. Ukuta ule ulikuwa wa mayatima wawili, chini yake kuna hazina yao, na baba yao alikuwa mtu mwema. Mola wao alitaka wafikie utu uzima waitoe hazina yao wenyewe.

Tuna mafunzo matatu hapa. Kwanza, aliyejenga ukuta alijua kilichoko chini yake. Hakuujenga ili apate la kufanya safarini. Pili, alijenga kwa hesabu ya miaka ijayo, hadi watoto wakue. Hakujenga kwa hesabu ya siku atakayokaa mjini. Tatu, mayatima hawakuitwa waje wamshukuru. Hatusomi kwamba hata walimwona.

Sasa linganisheni na mtu anayefika, anapaka rangi ukuta asioujua, anapiga picha na yatima mapajani, anaondoka.

Na tusiwanyooshee kidole Wazungu peke yao. Sisi wa mijini tunafanya hayo hayo, tena kwa saa mbili badala ya miezi miwili. Kila Ramadhani magari yanakwenda vituo vya yatima na mchele, sukari na kamera. Mtoto anashikishwa mfuko, anaambiwa aitazame kamera. Suratul Maun imewakemea wanaomsukuma yatima, na ndani ya sura hiyo hiyo wamekemewa wanaofanya ili waonekane. Makosa hayo mawili yako sura moja, tena fupi. Je, hatuoni?

Tahadhari juu ya vituo vya watoto

Hili la vituo nataka nilisisitize, kwani vijana wengi wanaokwenda ng'ambo hupelekwa huko. Mwaka 2009 shirika la Save the Children lilieleza kuwa duniani angalau watoto wanne katika kila watano wanaoishi katika vituo wana mzazi mmoja au wote wawili walio hai. Waliletwa na umaskini. Na pale ambapo wageni wanalipa ili wacheze na watoto, ndipo panapopatikana mtu wa kutafuta watoto ili wageni waje. Australia iliiona hatari hiyo wakati ikitunga sheria yake ya utumwa wa kisasa mwaka 2018, na Desemba 2019 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio kuhusu watoto wasio na malezi ya wazazi ambalo liligusa pia suala la watalii wanaojitolea vituoni.

Mtoto anayezoeshwa mlezi mpya kila baada ya wiki sita, na kila mmoja anamwacha, anafundishwa kwamba mapenzi ni kitu cha kuondoka. Sisi Waislamu mafundisho yetu yako wazi: yatima alelewe nyumbani, ndani ya ukoo au na mwenye kumdhamini, mali yake ilindwe mpaka akue. Kijana mwenye milioni sita anayetaka kumfaa yatima amtafute shangazi anayemlea, amsaidie shangazi.

Anayekwenda lazima pia ajue kuwa mgeni ataondoka, wakati mwingine ghafla. Tanganyika ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kupokea vijana wa Peace Corps wa Marekani mwaka 1961. Kundi lile la kwanza lilikuwa la wapima ardhi, wahandisi na wanajiolojia. Walikuja na fani inayojulikana. Wakaondoka mwaka 1969, wenzao wakarudi mwishoni mwa miaka ya 1970. Machi 2020, maradhi ya korona yalipoenea, wenzao zaidi ya 7,000 waliokuwa nchi mbalimbali duniani waliitwa nyumbani kwa siku chache. Kila darasa lililomtegemea mmoja wao lilibaki kama darasa langu la tano.

Maswali ya kujiuliza

Kwa hiyo, kijana anayetaka kuahirisha semesta ajiulize haya, na mzazi anayeombwa mchango amuulize.

Kwanza, nani amekuita? Kama aliyekuita ni mwenye kupokea ada tu, na kule unakokwenda hakuna mwalimu, mganga wala mwenyekiti wa kijiji anayejua unakuja kufanya nini, basi hiyo ni matembezi. Matembezi si haramu, lakini yaitwe matembezi.

Pili, unajua kazi gani? Kama huruhusiwi kumchoma mgonjwa sindano hapa Dar es Salaam, usikubali kupewa sindano ng'ambo kwa sababu wagonjwa wa huko ni maskini.

Tatu, sheria inasemaje? Hapa kwetu mgeni anayejitolea anatakiwa kuwa na kibali cha ukaazi daraja C, viza ya matembezi haitoshi. Nchi nyingine nazo zina taratibu zao. Na huku nyuma uombe ruhusa ya chuo kwa maandishi, na kama una mkopo ujue utakuwaje.

Nne, unamnyima nani kazi? Ukuta unaoupaka wewe bure, kuna fundi jirani angeupaka akalisha watoto.

Tano, nani atashika kazi siku utakayopanda basi? Kama hakuna jina la mtu, usianze.

Sita, ukirudi utawafundisha nini watu wako? Kama ni picha tu, rudi tena kwenye aya ya 122.

Jibu langu

Nilimwita mjukuu wangu wiki iliyopita. Nilimsimulia yote haya, pamoja na la sanduku na basi la alfajiri ambalo hata bibi yake sikuwahi kumwambia. Nikamwambia: ng'ambo utakwenda, inshaallah, na mchango wangu utaupata. Lakini kwanza likizo yako ndefu ijayo nenda Lamadi. Nimezungumza na mwalimu mkuu kwa simu. Ameniambia wanachokosa ni mwalimu wa kuwasaidia hisabati watoto wa madarasa ya juu, na kwamba yuko mwalimu kijana wa hapo hapo ambaye angependa kufundishana nawe, abaki na mbinu utakapoondoka. Shilingi milioni sita na nusu, kwa hesabu yangu, zinaweza kuwaweka Lamadi vijana sita kwa miezi minne, chumba na chakula. Mkiweza hilo kwenu, hata huko ng'ambo mtajua la kuuliza.

Akauliza, "Babu, wenzangu wakikataa?"

"Utakwenda peke yako. Mimi nilikwenda peke yangu."

Hajanijibu bado. Anafikiri, nami simharakishi. Mtu asukumwe kwenda kazini, lakini asisukumwe kujitolea.

Nimalizie na pale stendi. Kondakta alikuwa ameanza kupiga kelele abiria wapande. Nikamwambia yule mwanafunzi wangu mwenye mvi, "Leta kalamu." Nikageuza tiketi ya basi, nikaandika: nusu gawanya kwa robo. Nikamweleza kuwa unageuza ile ya pili, kisha unazidisha. Jibu ni mbili. Akatazama, akakunja uso. Nikaona hakuelewa, nikaacha kalamu, nikashika kopo lake.

"Una nusu debe la dagaa. Kipimo chako ni robo debe. Unapima mara ngapi?"

"Mara mbili."

"Ndiyo hiyo."

Akacheka mpaka wauzaji wa jirani wakageuka. "Kumbe ni hilo tu, mwalimu? Hilo mbona nalifanya kila siku."

Ndiyo, ni hilo tu. Lilihitaji kipindi kimoja, na lilihitaji mimi kujua kwamba watoto wale nyumbani kwao walikuwa na debe na kopo, kabla ya kuwaandikia tarakimu ubaoni. Nilipanda basi. Safari hii niliaga.

Wabillahi tawfiq.